Salamu Haipimi Sikio

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa stoo ya mablanketi. Nilikuwa muuguzi mpya, sare imepigwa pasi mpaka inataka kusimama yenyewe, na nilitegemea kupelekwa wodi ya wazazi kama wenzangu niliohitimu nao. Badala yake Matroni, yaani muuguzi mkuu wa hospitali ile ya mjini Arusha, alinitazama kuanzia kofia hadi viatu, akauliza, "Wewe Aikande, una kelele?"

"Hapana, Matroni."

"Basi nenda kitengo cha masikio. Wanataka mtu asiye na kelele."

Hivyo tu. Hakuna usaili, hakuna kuulizwa unapenda nini. Nikaingia katika kazi ya kupima masikio ya watu nikaifanya hadi nilipostaafu, na huku mlimani Meru wakanibandika jina la Mama Masikio, jina ambalo nililichukia mwanzoni kisha nikaja kulivaa kama kitenge changu.

Kitengo chenyewe kilikuwa ile stoo, yenye rafu zilizojaa mablanketi ya kijivu mpaka darini, na katikati kiti kimoja, meza, na mashine yenye vitufe ya kupimia usikivu. Leo ninyi mnaoanza kazi hii mna vyumba kimya, vile vyenye kuta za sponji, ambavyo ukifunga mlango unajisikia ukimeza mate. Sisi hatukuwa navyo. Blanketi humeza sauti vizuri, kwa hiyo tulipimia humo, wagonjwa wakitoka na manyoya ya sufi mabegani. Adui wetu alikuwa mvua. Ikianza kupiga mabati tulizima mashine tukachemsha chai, maana hakuna binadamu anayeweza kusikia mlio mwembamba chini ya mabati ya Arusha mwezi wa nne. Msimu wa masika tulikunywa chai nyingi sana.

Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Daktari wa Kitengo, mtu mrefu wa Machame, mkali kwa kazi na mpole kwa wagonjwa. Asubuhi ile ile aliniletea babu mmoja wa mtaa wa Sakina, fundi magari aliyekuwa amechoka na spana. "Kabla ya mashine, mpime kwa mdomo," akaniagiza. "Halafu uniambie kama anasikia."

Nikamwinamia yule mzee kwa heshima zangu zote. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Habari za nyumbani?"

"Njema tu."

"Hamjambo wote?"

"Hatujambo, tunamshukuru Mungu. Wewe je?"

Nikageuka nimejaa furaha. "Anasikia vizuri, Daktari."

Daktari alizunguka taratibu akasimama nyuma ya kiti, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Babu, nyumba yako inaungua moto." Babu akaendelea kunitazama mimi kwa tabasamu lake zuri. "Babu, gari lako limeibwa." Babu akanipapasa mkono, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

"Umeona?" Daktari akasema. "Salamu haipimi sikio. Mtu aliyekula chumvi nyingi anazijua salamu zetu zote kabla hujafungua mdomo. Anamwona kijana mbele yake, anasema marahaba. Hajibu ulichosema, anajibu umri wako. Ukitaka kumpima, kaa nyuma yake, tena umwambie jambo asilolitegemea."

Nilitamani kujificha kwenye yale mablanketi. Lakini somo liliniingia, na mwanafunzi yeyote niliyemfundisha baadaye nilimpa hilo kwanza, kabla ya kumruhusu kugusa mashine.

Baada ya hapo nilijifunza ufundi wenyewe. Unaanza na kurunzi ndogo ya kuchungulia ndani ya sikio, kwa sababu mara nyingine mtu anayedhaniwa kiziwi amezibwa na nta tu, ukimsafisha anatoka akilalamika kwamba dunia ina makelele. Kisha unachukua uma wa sauti, chuma chenye meno mawili ambacho ukikigonga kinavuma. Unamwekea mgonjwa nyuma ya sikio kwenye mfupa, halafu mbele ya tundu la sikio, unamuuliza wapi panavuma zaidi. Mwisho unamvalisha spika za masikioni, unamkabidhi kitufe, na kumwambia abonyeze kila asikiapo mlio, hata ukiwa wa mbali sana.

Uzee una namna yake ya kuingia sikioni. Huko ndani kuna kitu chenye umbo la konokono, na ndani ya huyo konokono mna vinywele vidogo mno vinavyopokea sauti. Vile vya sauti nyembamba ndivyo huchoka mwanzo. Kwa hiyo mzee anasikia lori likipanda mlima, anasikia kengele ya kanisa, lakini ndege na sauti za watoto zinampotea, na maneno yanamfikia yamenyofolewa pembeni. Akikwambia "nasikia ila sielewi," msimcheke, anasema kweli tupu. Ukichora matokeo yake kwenye karatasi, mstari unaanza vizuri upande wa sauti nene kisha unaporomoka upande wa sauti nyembamba. Wagonjwa wangu niliwaambia ni sawa na kuteremka kutoka Akheri, juu mlimani, kwenda Tengeru. Kila mtu alielewa, na wengi walicheka, kwa kuwa mteremko ule magoti yao yanaujua.

Kituo changu cha pili kilikuwa kliniki ya gari. Tulikuwa tunazunguka vijiji vya mlima Meru, mkuu wetu akiwa Mratibu wa Kliniki, mama mmoja mnene aliyependa ratiba kuliko chakula. Tuliegesha karibu na makanisa siku za Jumapili, ibada ikiisha wazee wanaingia mmoja mmoja ndani ya gari, tunapandisha vioo, tunapima. Jua likiwa kali walikuwa wanatoka wamelowa jasho kana kwamba wamebatizwa upya.

Akheri ndiko tulikokwama. Katika kipimo cha maneno, mpimaji ananong'ona neno nyuma ya mgonjwa, na mgonjwa analirudia. Wazee wa Akheri walikuwa wanakosea karibu yote, hata wale ambao kwenye mashine walionekana wazima. Mratibu akashika kiuno. "Aikande, mlima mzima huu ni viziwi?"

"Hapana, Mratibu. Maneno yetu ni ya Kiswahili. Hawa nyumbani wanazungumza Kimeru. Mtu akinong'onewa kwa lugha ya shuleni hawezi kukamata."

"Wewe unakijua Kimeru?"

"Mimi ni Mchaga, Mratibu."

"Basi nitafutie Mmeru mwenye sauti ndogo."

Sikumtafuta mbali. Alikuwa amesimama mlangoni mwa gari akimshika mkono baba yake, kijana mmoja mkulima wa kahawa na migomba aitwaye Anaeli. Tangu afike alikuwa akijibu maswali yetu kwa sauti ambayo ilibidi uisogelee. Nimeishi sana na wapimaji wenzangu, watu waliojizoeza kunong'ona, lakini mtu mwenye sauti laini kwa kuzaliwa kama yule sijapata kumwona.

Baba yake ndiye mgonjwa ninayemkumbuka kuliko wote. Alikuwa mzee mwenye heshima kijijini, lakini kidogo kidogo watu walikuwa wameacha kumwambia mambo. Kwenye vikao vya ukoo alikaa mbele, akaitikia kwa kichwa, na wao wakahesabu amekubali. Mashamba yaligawanywa mbele ya macho yake bila kujua nini kimesemwa. "Tulidhani ana kiburi," Anaeli akanieleza. "Ukimsalimia anakujibu vizuri, ukimuuliza jambo anakuacha." Nikamweka Anaeli nyuma ya baba yake, nikamwambia anong'one kwa Kimeru neno lolote la shambani. Mzee akakaa kimya. Nikamsogeza Anaeli karibu. Kimya. Mwishowe alikuwa amemwinamia kisogoni kabisa na mzee anatazama mikono yake tu.

Tulimpatia shimesikio, kile kifaa cha kusaidia usikivu. Cha wakati ule kilikuwa kijisanduku cha kuweka mfuko wa shati, na waya unapanda hadi sikioni. Nilipokiwasha, Anaeli alikuwa bado nyuma, akasema neno moja kwa Kimeru. Mzee aligeuka kwa kasi hata waya ukachomoka. Nikaurudisha. Akamtazama mwanawe muda mrefu, kisha akanigeukia mimi akasema kwa Kiswahili, labda alitaka nami nisikie: "Huyu ni Anaeli? Mimi nilibaki na sauti yake ya utotoni. Hii ya kiume sijawahi kuisikia." Mwanaume mzima yule, baba wa ukoo, akalia ndani ya gari letu, nami nikalia, Mratibu akatoka nje kujifanya anakagua matairi.

Tangu siku hiyo Anaeli akawa mnong'onaji wetu. Kila tulipokuja upande ule wa mlima alikuwa ametangulia. Kisha akaanza kuonekana hata katika vijiji visivyomhusu. Mratibu alivumilia, siku moja akaniuliza, "Aikande, huyu mnong'onaji wako ameajiriwa na nani?"

"Anajitolea, Mratibu."

"Naona," akasema, akageukia ratiba yake. Mwaka uliofuata alikula pilau ya harusi yetu.

Baadaye nilipelekwa kupima wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha kusaga nafaka, ambako Msimamizi wa Afya aliwagawia vijana pamba za masikio nao wakazitumia kufutia mikono. Hapo niliona vijana wenye masikio ya wazee, na niligombana na watu mpaka nikaitwa ofisini. Sitawachosha na hayo. Mwishowe nilirudishwa hospitali ya mjini kuongoza kitengo chenyewe. Mablanketi yalikuwa yameshaondoka na chumba kimya kimejengwa, na mimi ndiye niliyekuwa nafundisha.

Mwanafunzi wangu hodari aliitwa Upendo, binti wa mtaa wa Kwa Mrombo, mwenye macho makali. Huyo nilimfundisha hata mtego wa kimya. Wapo wagonjwa, hasa wenye majivuno, ambao hawasikii lakini wameshika mwendo wa mashine: mlio, kituo, mlio, kituo. Wanabonyeza kwa mazoea. "Ukimshuku mtu," nilimwambia, "mnyamazie. Usitume mlio wowote, mtazame kidole. Kikibonyeza, umemkamata." Upendo alicheka akasema ni uchokozi. Nikamwambia ni kazi.

Nilipostaafu walinifanyia sherehe, wakanipa saa ya ukutani, nikahamia moja kwa moja Akheri kwa mume wangu. Miaka yote ya kazi tulikuwa tunaonana kwa vipande, mimi mjini, yeye na migomba yake, binti yetu Neema katikati. Nilikuwa nimejiahidi kwamba uzeeni tutakaa barazani tuzungumze mpaka tuchoke. Ndicho nilichokingojea kuliko kiinua mgongo.

Mwanzoni tulizungumza kweli. Kisha, sijui lini hasa, Anaeli akaanza kupungua maneno. Alitoka asubuhi kwenda kwa ng'ombe bila kuaga. Alirudi bila kusema amerudi. Tulikaa barazani akatazama mlima, nami nikamtazama yeye, na midomo yake ikicheza kidogo nilidhani anatafuna kitu. Nikaona mume wangu amenichoka. Iliniuma sana, tena nawaambieni bila kuficha. Usiku niligeukia ukuta nikajiuliza nimemkosea nini mtu huyu.

Mengine yote nilikuwa na majibu yake. Neema akipiga simu kutoka Dar es Salaam nilisema mtandao mbovu, nikampa baba yake simu. Mhubiri kanisani nilisema spika zao za kichina. Vijana nilisema siku hizi wanakula maneno. Anaeli akapata ujasiri jioni moja, akanishika bega ili nimtazame, akasema, "Mama Neema, twende mjini ukapimwe masikio."

Nikawaka. "Mimi? Mimi niliyepima nusu ya mlima huu? Wewe ndiye unayenong'ona, Baba Neema! Umenong'ona tangu siku niliyokutoa mlangoni mwa gari!"

Hakubishana. Sikumsikia akilitaja tena, na mimi nikajihesabu mshindi.

Kimoja tu hakikunipa raha, nacho ni sala ya chakula. Mchana kutwa nilikuwa nikisoma midomo ya watu bila hata kujua nafanya hivyo. Lakini kwenye sala kila mtu amefumba macho na Anaeli anainamisha kichwa mpaka kidevu kinagusa kifua. Sauti yake ilinifikia kama maji yanayopita mbali. Nilikuwa nachungulia kwa jicho moja, nikiona paji la uso wake linainuka najua amemaliza, nami naitikia "Amina!" kwa nguvu zote, ili mtu asiseme Mama Masikio amelala. Niliona pia kwamba sala zake zimekuwa ndefu, nikawa nasononeka kwamba anayo maneno ya kumpa Mungu na ya kunipa mimi hana.

Hali ingeendelea hivyo kama si Gladness. Huyu ni binti wa rafiki yangu, jirani wa shamba la pili, ambaye tulikuwa naye kwenye umoja wa akina mama tangu nilipohamia. Rafiki yangu alikuwa anaumwa, nilijua, juzi yake nilikuwa nimempelekea uji. Asubuhi hiyo nilikuwa nachuma kahawa, mgongo wangu kwenye njia. Nikahisi mtu, nikageuka. Gladness amesimama, kanga kichwani, ameshamaliza kusema alichosema.

Nikatabasamu. "Marahaba, mwanangu," nikamwambia. "Mama hajambo?"

Aliniangalia jinsi ambavyo sitaki kuangaliwa tena na mtoto wa mtu. Halafu akakaa chini palepale kwenye majani ya migomba akalia, na mimi bado nimeshika kikapu, sijui nini kimetokea. Anaeli ndiye aliyekuja mbio kutoka zizini. Alimwinua Gladness, kisha akanigeukia, akanishika mashavu kwa mikono yote miwili ili niuone mdomo wake vizuri. "Mama yake amefariki alfajiri," akasema. "Amekuja kukuambia wewe kwanza."

Nilipiga yowe. Nilimkumbatia yule binti tukalia pamoja, na kabla ya jua kusimama nilikuwa nyumbani kwao nikipanga viti na kupokea wageni. Gladness hakuninunia; siku ya tatu aliniletea chai, akasema, "Mama, najua hukusikia." Ndilo lililoniumiza kuliko kama angenitukana. Kumbe kijiji kizima kinajua. Kumbe nami nimekuwa yule babu wa Sakina, nawajibu watu umri wao. Na nikamkumbuka baba mkwe wangu, alivyokaa mbele kwenye vikao akiitikia kwa kichwa. Nikaona ndiko ninakokwenda, kwa miguu yangu mwenyewe, na ramani mkononi.

Matanga yalipokwisha nilimwambia Anaeli, "Kesho unisindikize mjini." Aliitikia kwa kichwa tu, lakini asubuhi nilimkuta amevaa koti la harusi.

Tulikaa kwenye benchi la kitengo changu cha zamani, safari hii upande wa wagonjwa. Muda ukapita. Anaeli akanigusa bega, nikageuka, Upendo amesimama nyuma yangu, sasa yeye ndiye mkuu, miwani puani. Akaja mbele akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Mama. Nimekusalimia mara kadhaa kutokea nyuma, kama ulivyonifundisha."

"Marahaba," nikasema, na neno lenyewe likanitoka kwa shida.

Aliniingiza kwenye chumba kimya. Nikakaa kwenye kile kiti ambacho nilikuwa nimekalisha watu wasiohesabika, na kitufe mkononi nikakiona kizito. Milio ya mwanzo, ile minene, niliikamata. Kisha ikaanza kupanda na kufifia. Nilijikaza. Nilikuwa nausikia, ukapotea, nikabonyeza. Kituo. Nikabonyeza. Kituo. Nikabonyeza. Kupitia kioo nikamwona Upendo ameondoa mikono yake kwenye mashine ameiweka mapajani. Ananitazama kidole.

Alifungua mlango, akachuchumaa mbele yangu ili nimwone. "Mama, hapo sijatuma kitu muda mrefu."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa, nikaanza kucheka, naye akacheka, kisha kicheko changu kikageuka machozi na Upendo akanishika mikono. "Tuanze tena," akasema. "Safari hii uwe mgonjwa tu." Tukaanza tena. Nikawa mgonjwa tu. Pale nisiposikia nilikaa kimya, na palikuwa pengi.

Akanionyesha mstari kwenye skrini. Hakuhitaji kunieleza. "Tumeteremka Tengeru," nikamwambia. "Tumeteremka, Mama," akajibu Upendo. "Lakini si tulipaswa kuja tukiwa bado njiani?"

Akabakiza kipimo cha maneno. Alimwita Anaeli asimame nyuma yangu aseme chochote kwa Kimeru, lugha ambayo sasa naielewa kama yangu. Nikatazama mbele. Nilisubiri. Nikaona tu uso wa Upendo unalainika na macho yake yanametameta.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Mama, mimi si Mmeru," akajibu, akijifuta. "Ila amesema maneno mengi."

Shimesikio zangu zilipofika nilirudi kuvalishwa. Si kijisanduku tena, ni vitu vidogo vinavyojificha nyuma ya sikio. Ninyi mnaoanza kazi hii, msimwambie mgonjwa kwamba siku ya kwanza atafurahi, kama nilivyokuwa nawaambia mimi. Siku ya kwanza ni fujo. Karatasi inapiga kelele. Viatu vyako vinapiga kelele. Kuku wa jirani wako chumbani kwako. Ubongo umesahau kazi yake na unahitaji siku za kuizoea upya, mpelekeni mgonjwa taratibu, amsikilize mtu mmoja kabla ya kwenda sokoni. Na mwambieni aje mapema, nywele zikiwa bado hazijamaliza kuota mvi. Mimi nilikuwa na elimu yote hii kichwani na bado nilikaa nyumbani nikilaumu mtandao. Basi muwavumilie wasiokuwa nayo. Na wakija, simameni nyuma yao.

Jioni ya siku hiyo ya kwanza tulifika Akheri giza linaingia. Nikasikia bomba la uani likidondosha tone moja moja, nikauliza limeharibika lini, Anaeli akasema ni la siku nyingi. Nikapika ndizi kwa nyama, tukakaa mezani. Akainamisha kichwa, kidevu kifuani, akafumba macho. Nami nikafumba, yote mawili.

Alianza kwa ile sauti yake ndogo. Alishukuru kwa chakula. Aliomba Neema alindwe huko Dar es Salaam. Aliomba Gladness atiwe nguvu katika majonzi yake. Nilikuwa nalisikia kila neno, limekamilika, na nilikuwa nimeshaanza kulengwalengwa na machozi, pale aliposema:

"Na mke wangu huyu, Bwana. Umlainishe moyo akubali kwenda kupimwa masikio. Mimi nimemshindwa. Kila siku namuaga hasikii, narudi namwambia nimerudi hasikii. Nina hamu sana ya kuzungumza naye."

Nikafumbua macho. "Baba Neema."

Sala ikakatika.

"Nimeshapimwa."

Alikaa vilevile, macho yamefumbwa, kichwa chini, mabega yake yakaanza kutikisika. "Nimezoea," akasema. "Mdomo umekwenda wenyewe."

"Hiyo sala umeiomba tangu lini?"

"Tangu siku uliyonifokea."

Nikahesabu moyoni jioni zote hizo, kichwa chake kimeinama mbele yangu, na mimi nikimchungulia kwa jicho moja. "Na mimi nilikuwa naitikia nini?"

"Amina," akasema mume wangu. "Kila jioni. Tena kwa sauti kubwa kuliko ya mchungaji."

Tulicheka hadi tukalazimika kushika meza. Halafu nikamwambia airudie, yote, kuanzia mwanzo, na asiharakishe, tukaziacha ndizi zipoe.